Nyumba ya nyota tano: kisa cha Kirkland, 2020

Katika mwezi wa kawaida, nyumba ya wazee ya Life Care Center mjini Kirkland, jimbo la Washington, ilifiwa na wakazi 3 hadi 7. Hesabu hiyo ilitolewa na msemaji wa kituo chenyewe mbele ya waandishi wa habari, Machi 7, 2020. Aliitaja ili watu waelewe uzito wa ile iliyofuata korona ilipoingia: tangu Februari 19, wakazi 26 walikuwa wamefariki. Siku kumi na saba tu.

Wengi waliosikia habari ile walishikwa na 26. Mimi niliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba za namna hiyo nilishikwa na ile 3 hadi 7. Mahali ambapo kifo ni mgeni wa kila wiki, hakuna anayeshtuka kikibisha hodi. Mzee wa miaka 86, moyo umechoka, figo zinasuasua, anaanza kukohoa mwezi wa Februari. Anapewa Panadol, anaongezewa maji, anaandikwa kwenye daftari la zamu. Siku ya tatu anapelekwa hospitali, siku ya tano simu inapigwa kwa watoto wake. Hakuna anayeuliza kama kuna jambo jipya, kwa sababu mwaka jana mwezi kama huo ilikuwa hivyo hivyo.

Sijakiona kisa hiki kikichambuliwa kwa Kiswahili, na ni ajabu kidogo. Ukifika Seattle, Minneapolis au Dallas ukamuuliza Mkenya, Mtanzania au Mkongomani aliyehamia karibuni anafanya kazi gani, uwezekano ni mkubwa atakutajia herufi tatu: CNA, muuguzi msaidizi. Ndiye anayeogesha, anayelisha, anayegeuza mtu kitandani ili asipate vidonda. Vijana wetu huitania kazi hiyo kwa kuiita kuosha wazee, lakini mkono unaobeba ugonjwa kutoka chumba namba 12 hadi namba 14, au unaouzuia usifike huko, ni mkono wa mtu huyo.

Yaliyotokea

Kirkland iko ng'ambo ya Ziwa Washington ukitokea Seattle, ndani ya wilaya ya King. Kituo kilikuwa na wakazi 130 hivi na wafanyakazi 180. Baadhi ya wakazi walikuwa wa muda, wametoka hospitali baada ya kuvunjika nyonga au kupata kiharusi, wanafanya mazoezi warudi nyumbani. Wengine walikuwa wamehamia moja kwa moja. Kwenye orodha ambayo serikali kuu huitumia kuzipanga nyumba za wazee kwa ubora, kituo hiki kilikuwa na nyota tano, daraja la juu kabisa.

Virusi vya korona vilikuwa vimeshaonekana Marekani mwezi Januari, tena jimbo hilo hilo la Washington, kwa msafiri aliyetoka Wuhan. Kwa wiki kadhaa masharti ya kupimwa yalimhitaji mgonjwa awe amesafiri China au amekaa karibu na mtu anayejulikana kuwa na ugonjwa. Mzee asiyetoka kitandani hakuwa na safari ya kuonyesha. Masharti yalipolegezwa Februari 27, madaktari wa hospitali ya EvergreenHealth, iliyo mji huo huo, walituma sampuli za wagonjwa wao waliokuwa na nimonia isiyoeleweka. Februari 28, Ijumaa, jibu likaja: mkazi wa Life Care ana korona.

Maofisa wa afya wa wilaya walipowasiliana na kituo siku hiyo, walielezwa kwamba watu wapatao 45, wakazi na wafanyakazi kwa pamoja, tayari walikuwa na dalili za ugonjwa wa njia ya hewa. Hawakuwa wamejikusanya upande mmoja. Walikuwa wametawanyika jengo zima. Siku chache tu kabla ya hapo wakazi walikuwa wamefanyiwa sherehe ya Mardi Gras, na muziki ukapigwa. Simlaumu aliyeandaa sherehe. Lakini ni kipimo cha jinsi jengo lilivyokuwa likijiona: lina mafua mengi, basi.

Machi 9, maofisa wa afya walihesabu waliothibitishwa 129 wenye uhusiano na kituo: wakazi 81, wafanyakazi 34 na wageni 14. Machi 18 walikuwa 167, yaani wakazi 101, wafanyakazi 50 na wageni 16. Kati ya wakazi hao 101, mmoja kati ya kila watatu alikufa. Tarehe hiyo hiyo, nyumba za wazee na vituo vya aina hiyo 30 katika wilaya ya King tayari vilikuwa na angalau mgonjwa mmoja kila kimoja.

Nyota zilipima nini

Aprili 2019, miezi kumi kabla ya mlipuko, wakaguzi wa jimbo walikuwa wamekiandikia kituo hiki kosa la kinga ya maambukizi. Kikarekebisha, kikathibitishwa kuwa kimerekebisha, na nyota tano zikabaki pale pale.

Msomaji anaweza kudhani hapo kuna rushwa au uzembe wa kipekee. Hapana. Hivyo ndivyo mfumo ulivyokuwa ukifanya kazi nchi nzima, na ushahidi wake ulitoka Mei 2020 kwenye ripoti ya GAO, ofisi inayolifanyia Bunge la Marekani uchunguzi wa kazi za serikali. Walichambua ukaguzi wa miaka 2013 hadi 2017. Asilimia 82 ya nyumba zilizokaguliwa ziliandikiwa kosa la kinga ya maambukizi angalau mara moja. Karibu nusu ya hizo ziliandikiwa miaka mfululizo. Kila mwaka, kama asilimia 40 ya nyumba zilikutwa na kosa la aina hiyo, na lilikuwa ndilo kosa linaloandikwa kuliko mengine yote.

Takwimu inayouma zaidi ni nyingine: asilimia 99 ya makosa hayo yaliwekwa kwenye daraja la "si makubwa". Adhabu iliyotekelezwa kweli iliyahusu asilimia 1.

Ili kuelewa kwa nini, lazima ujue mkaguzi hupanga kosa vipi. Jedwali lake lina pande mbili: madhara ni makubwa kiasi gani, na yameenea kiasi gani. Muuguzi msaidizi akimsafisha mkazi mmoja kisha, na glovu zile zile, akashika kikombe cha mkazi wa pili, mkaguzi anayeona huandika kwamba hakuna aliyeumia ila uwezekano upo. Kwa macho ya siku ile, ni kweli. Tatizo ni kwamba maambukizi hayaumizi mbele ya mkaguzi. Mzee akianguka kutoka kitandani, jeraha linaonekana, linapigwa picha, linapata daraja. Bakteria iliyovuka kwa glovu inazaa homa baada ya siku nne, na kufikia wakati huo mkaguzi yuko mji mwingine. Kosa ambalo madhara yake hujificha litakuwa dogo siku zote kwenye jedwali linalopima madhara yanayoonekana.

Basi nyumba ikajifunza, bila mtu kuifundisha, kwamba kosa la mikono ni kama faini ya kuegesha gari: linaudhi, linalipwa, na maisha yanaendelea.

Karatasi ya mahudhurio

Nyumba ikiandikiwa kosa, hutakiwa kuleta mpango wa marekebisho. Na mpango wa marekebisho wa kosa la maambukizi una sentensi moja isiyokosekana: wafanyakazi watafundishwa upya.

Kituo kimoja nilichofanyia kazi, nitakachokiacha bila jina, kiliandikiwa kosa la glovu. Tulikusanywa chumba cha kulia saa nane mchana, zamu ya asubuhi ikiaga na ya jioni ikiingia. Muuguzi aliyepewa kazi ya kufundisha alisoma slaidi kwa dakika ishirini, huku kengele za wakazi zikilia na kila mmoja wetu akijifanya haisikii yake. Karatasi ikazunguka, tukasaini. Wa zamu ya usiku walisaini kesho yake alfajiri, wengine wamekwishavaa makoti. Mkaguzi aliporudi alioneshwa karatasi, akahesabu sahihi, akalinganisha na orodha ya wafanyakazi. Kosa likafutwa. Katika mafunzo yote yale hakuna hata mmoja wetu aliyevaa glovu.

Hapo ndipo ukaguzi na mafunzo hukutana katika nyumba nyingi: juu ya karatasi. Mkaguzi anauliza kama watu wamefundishwa. Karatasi inajibu ndiyo. Swali la kama mikono imebadilika halina mwenyewe.

Na mikono ina ufundi wake. Kuvaa gauni, barakoa na glovu mtu hujifunza mara moja. Kuvua ndiko kunakoua. Nje ya glovu ni chafu, ndani ni safi. Kwa hiyo unabana moja kwa nje, unaivua, unaikunja kwenye kiganja chenye nyingine, kisha unapitisha kidole tupu ndani ya kifundo cha hiyo ya pili na kuigeuza. Kinga ya macho unaishika kwa nyuma. Gauni unalikunjia ndani. Barakoa mwisho, kwa kamba zake, bila kugusa mbele. Halafu mikono. Mtu aliyechoka, aliyeitwa na kengele mbili kwa mpigo, huanza na barakoa kwa sababu ndiyo inayomkera, na huishika pale pale mbele. Slaidi haiwezi kuliona hilo. Mtu aliyesimama mlangoni analiona mara ya kwanza.

Ni hivyo hivyo kwa dawa ya kufutia meza na vitanda. Chupa imeandikwa kwamba sehemu ibaki na unyevu kwa dakika kadhaa ili vijidudu vife. Mhudumu anapuliza na kufuta papo hapo, meza inang'aa, vijidudu viko hai. Ni hivyo hivyo kwa kitakasa mikono chenye spiriti, ambacho ni kizuri kwa mengi lakini hakiziui mbegu za C. difficile, ugonjwa wa kuharisha unaozisumbua sana nyumba za wazee. Kwa huo, lazima maji na sabuni.

Kanuni zilikuwepo. CMS, idara ya serikali kuu inayosimamia bima za afya za serikali, Medicare na Medicaid, ilitunga mwaka 2016 kanuni mpya za nyumba za wazee, na mojawapo ilitaka kila nyumba iwe na msimamizi wa kinga ya maambukizi aliyesomea kazi hiyo, walau wa muda nusu. Nyumba zilipewa hadi Novemba 28, 2019 kutekeleza. Machi 2019 CMS na CDC, idara ya serikali kuu ya kudhibiti magonjwa, zilitoa kozi ya bure mtandaoni kwa ajili ya wasimamizi hao, ya saa 20 hivi. Kisha Julai 2019, kabla sharti lenyewe halijaanza, serikali ikapendekeza kulilegeza: badala ya muda nusu, iwe "muda wa kutosha". Wenye nyumba walikuwa wamelalamikia gharama. Kwa hiyo virusi viliingia Kirkland miezi mitatu baada ya sharti kuanza kazi, wakati wakubwa wenyewe wakijadiliana kama lilihitajika.

Wachunguzi walipoingia

CDC na wilaya walipochunguza Kirkland waliorodhesha mambo yaliyousaidia ugonjwa kuenea. Wafanyakazi walikuja kazini wakiwa na dalili. Wafanyakazi walifanya kazi katika vituo zaidi ya kimoja. Tahadhari za kawaida, za matone, za kugusana na za macho hazikufahamika vizuri wala kufuatwa vizuri. Vifaa vya kujikinga na hata vitakasa mikono vilipungua. Ugonjwa ulichelewa kutambuliwa kwa sababu hakuna aliyeushuku, vipimo vilikuwa haba, na kwa wazee dalili hazisomeki kwa urahisi.

Orodha hiyo inafaa kusomwa polepole. Mafunzo yanaweza kugusa jambo la tatu na nusu ya la tano. Mengine hayafundishiki, na nitayarudia.

Wakaguzi wa CMS nao walikuja, mwezi Machi, safari hii na macho mengine. Waliandika makosa matatu ya daraja la juu kabisa, la hatari ya papo kwa papo: kwamba kituo hakikuwatambua na kuwashughulikia wagonjwa haraka, kwamba hakikuiarifu idara ya afya ya jimbo kuhusu ongezeko la magonjwa ya njia ya hewa, na kwamba daktari wake mkuu alipougua hakukuwa na mpango wa mbadala. Mwanzoni mwa Aprili faini ilitajwa: zaidi ya dola 611,000. Kituo kilipinga matokeo hayo na kuyakatia rufaa.

Kwa maoni yangu kituo kilikuwa na hoja. Serikali ile ile iliyozuia vipimo kwa masharti ya safari iliadhibu jengo kwa kutotambua haraka. Lakini kosa la pili, la kuarifu, silioni likijitetea kirahisi. Kuarifu hakuhitaji kujua jina la ugonjwa. Kunahitaji mtu mmoja mwenye daftari moja, anayeandika kila asubuhi: jana waliokuwa na homa wanne, leo tisa, wako vyumba hivi. Tisa ni mlipuko, uwe wa mafua au wa kitu kingine, na mlipuko unapigiwa simu. Hiyo ndiyo kazi ya yule msimamizi wa muda nusu. Zamu moja inaona mgonjwa mmoja anakohoa. Ya pili inamwona mwingine. Ya tatu inamhamishia hospitali yule wa kwanza. Bila daftari la pamoja, kila mmoja ameona kikohozi kimoja na hakuna aliyeona mlipuko.

Tofauti ya ukaguzi wa Aprili 2019 na ule wa Machi 2020 haikuwa kanuni. Kanuni zilikuwa karibu zile zile. Tofauti ilikuwa maiti.

CMS yenyewe ilisema tarehe 2 Aprili 2020 kwamba katika ukaguzi wa siku za karibuni, asilimia 36 ya vituo havikufuata taratibu sahihi za kunawa mikono na asilimia 25 vilishindwa kuonyesha matumizi sahihi ya vifaa vya kujikinga. Huo ni mwezi ambao kila televisheni ya dunia ilikuwa ikifundisha watu kunawa, na mkaguzi amesimama ndani ya jengo. Sidhani watu hao hawakuwahi kusaini karatasi.

Anayekuja kazini na homa

Tuyaone sasa yasiyofundishika. Mei 2019, mshahara wa kati wa muuguzi msaidizi Marekani ulikuwa dola 14.25 kwa saa. Pembezoni mwa Seattle, kwa kodi za nyumba za huko, hiyo haitoshi. Ndiyo maana mtu ana kazi mbili, asubuhi jengo hili, jioni lile. Sheria ya jimbo la Washington, tangu Januari 2018, inampa mfanyakazi saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 40 alizofanya. Ni sheria nzuri kuliko za majimbo mengi. Ifanyie hesabu: anayefanya saa 40 kwa wiki hupata zamu moja ya saa nane baada ya wiki nane, na aliyeajiriwa karibuni hawezi kuitumia hadi siku ya 90. Aliyegawa saa zake kati ya waajiri wawili hukusanya nusu huku na nusu kule.

Mtu huyo akiamka na koo linalowasha hafikirii kanuni za CDC. Anafikiria kwamba akipiga simu kusema anaumwa, mwenzake atabaki na wakazi ishirini badala ya kumi, meneja atanuna, na Ijumaa hundi itakuwa pungufu. Anameza dawa, anaenda. Amesoma slaidi, anajua asiende, na ameenda.

Wilaya ya King ilikuwa na jengo la pili, ambalo hapa nitaliita kituo B, na kisa chake kilichapishwa Aprili 2020. Mfanyakazi mmoja alikuja kazini akiwa na dalili Februari 26 na 28. Machi 1 akathibitishwa kuwa na korona. Siku 23 baada ya mkazi wa kwanza kukutwa na virusi, wakazi 57 kati ya 89 walikuwa navyo. Kubwa zaidi ni hili: kati ya wakazi 48 waliokutwa na virusi kwenye upimaji wa jumla, 27 hawakuwa na dalili yoyote siku ya kupimwa. Wengi wao, 24, walizipata siku chache baadaye.

Kwa mwalimu wa kinga ya maambukizi, namba hizo zilipindua somo. Miaka yote tulifundisha: ukiona dalili, vaa. Mkazi mwenye alama mlangoni anahudumiwa kwa gauni na barakoa. Wa jirani anahudumiwa kama kawaida. Kituo B kilionyesha kwamba wa jirani, anayecheka na kula vizuri, huenda naye alikuwa akieneza. Tahadhari ikaacha kufuata mgonjwa, ikaanza kufuata mhudumu.

Yaliyojaribiwa

Serikali kuu ilibadili ukaguzi haraka. Machi 4, 2020 wakaguzi waliambiwa watangulize maambukizi, na Machi 23 ukaguzi wa kawaida wa kila mwaka ukasimamishwa, ukawekwa mwingine mfupi wa maambukizi peke yake. Mkaguzi sasa alipaswa kusimama mlangoni na kutazama: wanaingiaje, wananawaje, wanavuaje. Kwenye karatasi, hilo ndilo lililokuwa likikosekana.

Upande wa mafunzo kulikuwa na njia mbili, na zilizaa matokeo tofauti. Ya kwanza ilikuwa kozi ya CMS mtandaoni kwa wafanyakazi na mameneja. Kufikia katikati ya Novemba 2020, watu zaidi ya 125,000 walikuwa wameimaliza, karibu mmoja kati ya kila wanane wa wafanyakazi wa sekta hiyo. Nyumba ambazo walau nusu ya wafanyakazi wake walimaliza zilikuwa 1,092 kati ya zaidi ya 15,000. Sishangai. Kozi ya simu, kwa mtu wa zamu mbili, bila saa ya kulipwa ya kuifanyia, husomwa basini au haisomwi.

Ya pili ilikuwa mtandao wa kitaifa uliosimamiwa na AHRQ, wakala wa serikali wa utafiti wa huduma za afya, pamoja na mradi wa ECHO wa Chuo Kikuu cha New Mexico, kwa mkataba wa hadi dola milioni 237. Nyumba zaidi ya 9,000 zilishiriki. Kwa wiki 16, kikundi kidogo cha vituo kilikutana kwa video na wataalamu wale wale kila wiki. Badala ya kusomewa, kituo kililetea wenzake tatizo lake: barakoa zinaisha Jumapili, mkazi mwenye ugonjwa wa kusahau anatembea vyumba vyote usiku, tufanyeje? Wiki iliyofuata walieleza walichojaribu. Watu wazima hujifunza hivyo, kwa tatizo lililo mikononi mwao, na kwa aibu ndogo ya kurudi mbele ya wenzao bila kufanya kitu.

Kuna na aina ya tatu ya ziara ambayo haizungumzwi sana, na ndiyo ninayoiamini zaidi. Idara za afya za majimbo, Washington ikiwamo, hutuma wataalamu wanaotembelea nyumba za wazee kwa kualikwa, bila kuandika kosa wala kutoza faini. Mtaalamu anazunguka na msimamizi wa kituo, anatazama kikapu cha nguo chafu kimewekwa wapi, anauliza mhudumu amwonyeshe anavyovua glovu, anafungua kabati la vifaa. Mhudumu akikosea, anaoneshwa pale pale, anarudia, na yule mtaalamu anaondoka na kikombe cha kahawa badala ya fomu. Nimeona kilichotofautiana: mbele ya mkaguzi mwenye faini watu huficha glovu zilizochanika, mbele ya huyu wanazileta wenyewe na kuuliza.

Ziara hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa nyumba mbaya kuliko zote haialiki mtu. Mkaguzi mwenye meno lazima abaki, na laiti angefika saa tisa usiku Jumamosi badala ya Jumanne asubuhi. Lakini kosa la mikono lingelipiwa kwa njia nyingine: badala ya karatasi ya sahihi, nyumba itakiwe kuonyesha namba zake yenyewe, wiki kwa wiki, mtu wake akisimama mlangoni na kuhesabu ni mara ngapi mikono ilitakaswa kati ya mara mia iliyopaswa kutakaswa, zamu ya usiku pia. Hospitali nyingi zimefanya hesabu hiyo kwa miaka. Inahitaji mtu, na mtu anahitaji mshahara.

Na hapo ndipo mambo hukwama. Aprili 2024 CMS ilitangaza kanuni ya kwanza ya kitaifa ya idadi ya wafanyakazi: saa 3.48 za huduma kwa kila mkazi kwa siku. Wenye nyumba walikwenda mahakamani, na Aprili 2025 jaji wa mahakama ya serikali kuu jimboni Texas akaifuta. Kuhusu msimamizi wa kinga ya maambukizi, mwongozo wa CMS wa 2022 ulifafanua kwamba lazima afanye kazi ndani ya jengo lenyewe, asiongoze kwa simu kutoka makao makuu ya kampuni. Muda wake unabaki ule ule uliotajwa mwaka 2016, muda nusu, na katika nyumba nyingi nusu ya pili ya siku yake anagawa dawa.